Kuku wa Chunguni

Jina langu limo katika kitabu cha mbegu za mifugo, sehemu ya kuku, mbele ya neno "mwanzilishi". Naomba msinipongeze. Wapo waliokuja mpaka kibarazani kwangu, nimekaa na cherehani yangu nashona sare za shule, wakanipa mkono na kuniambia, "Dada, umetutoa kimasomaso." Nikawajibu ahsante. Ningewajibu nini? Kaeni basi niwaambie asili ya kuku hao, maana ile iliyoandikwa kitabuni ni uongo kuanzia mstari wa kwanza, na mmoja wa waongo ni mimi.

Asili yao ni ulimi wa bibi yangu mzaa baba. Mama alipoolewa alikuja na kuku watatu, weusi tii, wadogo. Mmoja akafa kwa kideri, wa pili akapotea, wa tatu akaangua vifaranga tisa na mwewe akawamaliza mmoja mmoja. Mama mkwe wake akasimama mlangoni pa jikoni akasema, kwa sauti ya kuwafikia majirani, "Kuku wa mkata hatagi. Akitaga haangui. Akiangua, huchukuliwa na mwewe." Methali ni ya watu wote, lakini siku hiyo ilikuwa ya mama peke yake. Alikuwa na mwiko mkononi. Aliniambia kwamba alikoroga chungu mpaka kikaungua, akijisemea moyoni: subiri, nitakuonyesha kuku wa mkata.

Nje kidogo ya mji palikuwa na mabanda makubwa ya kuku wa kisasa, yakawa yanafungwa. Kuku wote wakauzwa, akabaki jogoo mmoja, mweupe, mzito, mguu wake wa kulia umepinda. Hakuna aliyemtaka. Mama akamwomba, akapewa bure, akarudi naye kwapani kilomita saba kwa miguu. Tulimwita Kiguu. Huyo ndiye babu wa kuku wote ninaowaambia habari zao, kilema aliyetupwa, na ukisoma kitabuni hutamwona.

Watu hudhani kutengeneza mbegu ni kumfungia jogoo na matetea ukaenda zako kulala. Thubutu! Watoto wa Kiguu wa kwanza walikuwa wakubwa na wapumbavu, wanataga na kuliacha yai palepale linapoanguka. Wajukuu wakawa waatamiaji wazuri, lakini ukimchinja mmoja unakula mifupa na maneno. Mama alivitaka vyote viwili. Alitaka koo wa kutaga mayai manne kwa wiki, ayaatamie mwenyewe mpaka yaangue, na alitaka jogoo ambaye akiingia chunguni watu sita wanashiba. Majirani walimcheka, "We mama, kuku wa yai ni wa yai, wa nyama ni wa nyama. Huwezi kupata kotekote." Ikamchukua miaka kumi na miwili. Alipowapata, akawaita hivyo hivyo, Kotekote, na waliomcheka wakawa wanakuja kuomba mayai ya kuangulisha.

Kitu kimoja tu cha Kiguu kiligoma kutoka: unyoya mweupe bawani. Kila koo akiangua, walitokea wawili watatu wanao. Mama hakusoma hata darasa moja, lakini aliangalia, na aliyeangalia huona. Aliona kwamba tetea mwenye unyoya huo, hata uwe mmoja, hatulii. Anaatamia vizuri, unamsifu, siku ya kumi na tano ananyanyuka anaenda kuparua jalalani, mayai yanapoa na roho zimo ndani. Na vifaranga wake wenye weupe, mwewe anawaona toka juu huko. Kwa hiyo sheria ya mama ikawa moja, haina rufaa. Mwenye weupe ni wa chunguni.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ilikuwa siku ya kuchagua. Mama anakaa kwenye kigoda mbele ya banda, mimi namletea kuku mmoja mmoja. Anampakata. Anapitisha kidole gumba kwenye mfupa wa kidari kuona kama umenyooka. Anageuza, anapima kati ya mifupa ya nyonga: vidole vitatu vikiingia, huyo anataga, kikiingia kimoja, huyo anakula chakula cha bure. Halafu anafungua bawa kama mtu anayefungua kitabu, anatazama, anasema, "Abaki," au, "Chunguni."

Wa chunguni walikuwa wengi kuliko chungu chetu. Wa kidari na nyonga tuliwala wenyewe, wenye weupe tuliwatia kwenye tenga, nami nikawapeleka mjini kwa kaka.

Kaka yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka minne. Anauza chakula cha mifugo, ana duka lenye mizani mbili na kalenda za kila kampuni. Nyumbani tunamwita Mheshimiwa tangu akiwa darasa la tatu, siku aliyokataa kufagia darasa kwa sababu, alisema, yeye atakuja kuwa mtu mkubwa. Mama alimpenda kama wanavyopendwa wana wa kiume wanaokaa mbali. "Mpelekee kaka yako kitoweo," alikuwa akiniambia, na mimi na tenga langu kichwani, miaka nenda miaka rudi. Sikuwahi kuuliza kuku wote hao analaje mtu mwenye watoto wawili.

Kisha macho ya mama yakaanza kuondoka. Ilikuwa presha ya macho, na daktari alisema kilichopotea hakirudi. Kwa miezi kumi aliona kama kupitia pazia, halafu pazia likawa ukuta. Nilidhani kuku ndio basi. Wapi! Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikaa kwenye kigoda chake, akanyoosha mikono. Kidari alikisoma kwa kidole, nyonga kwa vidole, uzito kwa paja. Kilichobaki ni bawa, maana rangi haishikiki.

"Bawa?" akaniuliza.

"Jeusi, mama."

"Abaki."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka mitano. Vidole vyake, macho yangu. Bawa? Jeusi. Abaki. Bawa? Jeupe, mama. Chunguni. Hakuwahi kuniuliza mara mbili. Nikisema jeusi, lilikuwa jeusi.

Siku moja jirani akaleta gazeti. Picha ya kaka, suti, na jogoo mikononi. Kichwa cha habari kilisema mbegu ya asili imetambuliwa na kupewa cheti. Niliposoma chini nikahisi damu inanipanda. Kuku wa Kotekote, limeandika, ni urithi wa ukoo mmoja, waliolelewa na marehemu baba wa mfugaji huyo, aliyewapokea kwa baba yake, kwa zaidi ya miaka mia. Baba yetu! Mtu ambaye Mungu amrehemu, lakini alikuwa hajui banda letu linafungukia upande gani. Na jogoo kwenye picha, bawa lake limefunguliwa makusudi lionekane, na hapo pana manyoya matatu meupe. Chini yake: "Alama ya mbegu halisi ni unyoya mweupe bawani."

Mama alikuwa anachambua mchele kwa vidole. "Wanasemaje?" akauliza.

Nikamsomea. Nilimsomea habari ya cheti, habari ya yai na nyama, nikaruka baba, nikaruka bawa. Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na niliusema kwa huruma, kama waongo wengi.

Mama akaacha mchele. "Wameandika jina langu?"

"Bado, mama."

"Mimi nimezaliwa sijaandikwa," akasema. "Nimeolewa sijaandikwa. Mashamba yote jina la baba yako, nyinyi wote jina la baba yako. Nikifa, ningependa niwe nimeandikwa mahali. Hata kwenye kuku." Akacheka, lakini mkono ulikuwa umetulia juu ya ungo, na mimi namjua mama yangu. Hakuwa anatania.

Kesho yake nilikuwa dukani kwa Mheshimiwa kabla hajafungua milango. Nilimsema, jamani, sikubakiza. Nikamwita mwizi mbele ya mpakuaji wa magunia. Yeye akangoja nimalize, kisha akanipeleka uani, na uani nikaona mabanda manne marefu, na ndani yake kuku mia na zaidi, weusi wenye weupe bawani. Wale wa tenga langu, na watoto wao, na wajukuu wao. Hakuwa akiwala. Alikuwa akiwazalisha. Mayai aliyaweka kwenye mashine ya kuangulia, kwa hiyo koo akiacha kuatamia yeye hana habari.

"Kwa nini umeandika unyoya mweupe?" nikamuuliza.

"Sasa ningeandika nini, dada? Ofisi inataka alama. Kila kuku uliyeniletea ana weupe. Nikajua ndiyo alama yao."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa hata anadanganya, ndilo lililoniuma. Mtoto wa mama yule, amekulia banda lile, na hakuwahi kuuliza kwa nini hawa ndio wanaotolewa.

"Na baba?"

"Ofisi wanataka mbegu ya zamani. Nikiwaambia mama aliianza kwa jogoo kilema wa mabanda ya kisasa, wangesema chotara, basi, kwisha habari." Akachuchumaa mbele yangu, akateremsha sauti. "Sikiliza. Kitabuni pale kwenye 'mwanzilishi' bado pako wazi. Mkaguzi atakuja kutazama kundi la nyumbani baada ya mwaka na nusu. Kundi likilingana na kiwango, nitasema baba alirithi, mama akaendeleza, na jina litakaloandikwa ni la mama. Nakuapia. Lakini lazima lilingane."

"Kundi la mama ni jeusi lote."

"Basi una mwaka na nusu," akasema.

Nilirudi nyumbani nimemchukia. Nikafikiri siku tisa. Ningeweza kumwambia mama, lakini nilijua angefanya nini: angesema liandikwe jina la shetani, kuku wake hawagusi mtu. Nami niliwaza, kuku ni kuku, watakufa na wengine wataanguliwa, lakini mama ana miaka sabini na nane na hajawahi kuandikwa popote. Niliona nampenda kuliko anavyojipenda. Hayo ndiyo niliyojiambia, na mpaka leo sijui kama yalikuwa kweli.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi nikampakatisha jogoo wake bora. Akapitisha kidole kidarini, akatabasamu. Akampima uzito kwa paja. "Huyu ndiye," akasema. "Huyu nimemngoja. Bawa?"

Bawa lilikuwa jeusi, jeusi la kung'aa.

"Jeupe, mama."

Akampapasa jogoo shingoni. "Masikini. Unyoya tu." Kisha, "Chunguni."

Tulimla siku hiyo hiyo. Mama alisema ni mtamu sana, akaomba na shingo.

Baada ya hapo ulimi wangu ukazoea. Weusi nikawaita weupe, weupe nikawaita weusi. Mayai ya makoo wake nikayapika, na chini yao nikaweka mayai ya Mheshimiwa, ambayo nilikuwa nikiyabeba kwenye tenga lile lile nililompelekea kitoweo. Nikawa nasema "jeusi" bila kope kutetereka. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ya mwaka na nusu, na kila Jumamosi ya kwanza niliitembea.

Makoo wakaanza kuacha mayai. Mama alisikia. Alikuwa anasikia banda kama mtu anavyosikia nyumba yake. "Mbona huyu amenyanyuka? Leo ni siku ya ngapi?"

"Joto, mama."

Wachache walioanguliwa, tulimsikia mwewe, kisha ule ukelele, kisha kimya. Mara ya kwanza mama alitoka na fimbo akapiga hewa. Mara ya nne hakutoka. Alibaki jikoni ameshika ukingo wa meza.

"Bibi yako anacheka huko aliko," akasema.

"Mama, acha hayo."

"Ni vidole vyangu," akasema, akavinyoosha mbele ya uso wake usioona. "Macho yako ni mazima, kwa hiyo kosa ni vidole. Vimezeeka, vinanidanganya. Nachagua vibaya." Akawa kila asubuhi anavipaka mafuta na kuvikanda, kimoja kimoja, kama vitarudi. Nami nikamwona, nikavuta kiti changu, nikaendelea kutia uzi kwenye sindano. Hapo ndipo ningesema. Hapo hasa. Jamani, mdomo ulikuwa wangu na sikuutumia.

Mkaguzi akaja Jumanne asubuhi, mwanamke wa makamo, mpole, ana mkoba na mizani ya kuning'iniza. Mheshimiwa alimleta kwa gari lake, suti ileile. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea, amekaa kwenye kigoda, kichwa amekifunga kitambaa kipya. Asubuhi ile aliniuliza mara tatu jina lake huandikwa kwa herufi ngapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watazame tu, usiwaogope, wamezoea mikono."

Mkaguzi akafanya kazi yake. Akapima, akahesabu, akaandika. Kisha, kwa adabu, kwa kuwa alikuwa ameambiwa mama haoni, akafanya jambo ambalo mimi na kaka hatukulifikiria. Akamsomea fomu kwa sauti, mstari kwa mstari.

"Idadi, thelathini na wanne. Uzito wa majogoo, unatosha. Kidari, kimenyooka. Unyoya mweupe bawani..." akageuza karatasi, "...wanao wote thelathini na wanne. Hongera sana, mama. Sijawahi kuona kundi safi namna hii."

Mheshimiwa akapiga makofi. Mama hakusogea.

"Soma tena hapo," akasema.

Mkaguzi akasoma tena.

Mama akanyoosha mikono. Mikono ile niliijua inataka nini. Nikamletea tetea, nikampakatisha. Hakugusa kidari. Hakugusa nyonga. Alifungua bawa tu, akaligeuzia upande wangu.

"Bawa?"

Nikamtazama kaka.

"Jibu, dada," akasema Mheshimiwa, anacheka. "Mama anakuuliza."

"Jeupe, mama."

"Niletee mwingine." Nikaleta. "Bawa?"

"Jeupe."

Nilileta watano. Alipofika wa tano nilikuwa nalia waziwazi, mkaguzi anatutazama hajui ashike lipi. Mama akamwachia yule tetea, akavitazama vidole vyake, nasema akavitazama ingawa hakuwa na macho, akavikunjua na kuvikunja.

"Kumbe vilikuwa vizima," akasema.

Mkaguzi akakohoa, akasema kwa upole, "Mama, imebaki sehemu moja tu. Mwanzilishi wa mbegu. Nikuandike jina lako kamili?"

Mheshimiwa alikuwa tayari na simu yake apige picha.

"Usiniandike mimi," akasema mama. "Hawa si kuku wangu. Wangu niliwala." Akanyoosha kidole, sawasawa kabisa, mahali niliposimama. "Muandike binti yangu. Aliyewachagua ni yeye. Mimi nilikuwa nashika tu."

"Mama, usifanye hivyo," nikasema. "Mama, nilitaka uandikwe."

"Najua ulichotaka." Hakupandisha sauti. "Muandike. Herufi zake anazijua mwenyewe."

Nikaandikwa. Kaka alisema haidhuru, mradi ni wa familia.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata nilimwekea kigoda mbele ya banda. Alikuja akakaa, kwa mazoea. Nikachukua koo mmoja nikampakatisha, nikasubiri aniulize. Nilikuwa nimeapa nitamwambia kweli, kweli tupu, mpaka siku ya kufa kwangu. Mama akamshika yule koo mgongoni kwa muda, akahisi joto lake, kisha akamnyanyua na kunirudishia.

"Wako huyo," akasema. "Mwangalie mwenyewe."